Meza ya Komanda Zorobabel

Katika Butembo yote, mtu aliyejua kukata formika bila kuivunja alikuwa Mama Séphora Kaswera, na mume wake Ananie hakuona haya kulisema hilo mbele ya watu. Ananie Syauswa alikuwa seremala mzuri wa mbao. Kitanda chake kilibeba watoto, wajukuu na magunia ya maharage bila kulia. Lakini formika, ile karatasi ngumu inayong'aa, nyembamba kama ukucha, inayobandikwa juu ya meza ili ipanguswe kwa kitambaa, ilikuwa imemshinda. Kila alipoitia msumeno ilimeguka pembeni, na kila ilipomeguka alikasirika siku nzima.

Séphora hakutumia msumeno. Alikuwa na kipande cha wembe wa msumeno wa chuma, alichokinoa juu ya jiwe mpaka kikawa na ncha kama ya mdomo wa kuku. Aliweka rula ya chuma juu ya formika, akaikanyaga kwa goti, akavuta ile ncha pembeni mwa rula mara moja, mara mbili, mara saba, bila haraka, kwenye mstari uleule. Halafu aliinua upande mmoja kwa viganja viwili, na formika ilikatika tak, sawasawa na mstari. Katika karakana yao ya mtaa wa Furu watu walikuja kununua viti wakabaki wamesimama kumwangalia.

Hiyo ilikuwa miaka ya vita vya pili vya Kongo, wakati waasi walipotawala, wakagawanyika, na waliogawanyika wakagawanyika tena. Kila kamanda alikuwa na bureau yake, yaani ofisi, na kila bureau ilitaka meza.

Asubuhi moja ya ukungu aliingia karakanani kijana mpole aliyevaa koti la kijeshi lililomzidi mabega. Jina lake lilikuwa Paulin. Alikuwa mwandishi wa Komanda Zorobabel wa Beni, na kabla ya vita alikuwa amefundisha hesabu kwenye shule ya msingi, kwa hiyo alisema « tafadhali » kabla ya kila kitu, jambo lililowatisha watu zaidi kuliko bunduki. Alileta karatasi yenye muhuri. Komanda alikuwa amemtembelea kamanda mwenzake na kumkuta nyuma ya meza kubwa sana. Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Sasa aliagiza yake: urefu mita mbili na arobaini, upana mita moja na ishirini, pande tatu zifungwe mpaka chini, juu formika ya rangi ya mti mwekundu, kipande kimoja bila kiungo, wala msumari wala parafujo visionekane popote. Formika ilikuwa imekwisha kupatikana. Paulin hakueleza ilivyopatikana, na hakuna aliyeuliza.

Ananie aliuliza tu bureau iko wapi. Paulin alipomwelekeza, nyumba ya matofali ya kuchoma karibu na barabara ya Kasindi, yenye ua wa maua mekundu mbele, Ananie aliketi juu ya gogo. Nyumba hiyo ilikuwa ya dada yake mkubwa, Victoire. Walikuwa wamesikia kwamba askari wamemtoa ndani, lakini hawakujua kwamba mwenye kulala katika chumba chake ni mkubwa wa kadiri hiyo.

Paulin alipotoka nje kujisaidia, Ananie alimwambia mke wake kwamba atajisingizia ugonjwa. Ataanza palepale, mgongo, na mgongo hauna ushahidi. Séphora alikuwa anasoma karatasi kwa mara ya pili, akifuata maneno kwa kidole, na Ananie, aliyeishi naye miaka kumi na tisa, aliona pembe ya mdomo wake ikipanda kidogo.

Paulin aliporudi, Séphora alimuuliza mlango wa bureau una upana gani. Paulin hakujua. Akamuuliza kama ukumbi wa kuufikia umenyooka. Paulin alifikiri, akachora kwa mkono hewani: unaingia, unatembea, unakata kushoto. Séphora akasema vizuri, wataitengenezea huko huko Beni.

Walisafiri juu ya lori, kati ya mbao za libuyu, mbao nyembamba za triplex na madebe mawili ya gundi ya kole. Formika, karatasi tatu pamoja, ilikuwa imekunjwa kama mkeka na kufungwa kamba tatu, na Séphora aliikumbatia njia yote kama mgonjwa. Kwenye kizuizi cha tatu askari mmoja alitaka kuona kilichomo ndani ya huo mkeka. Séphora alimweleza kwa heshima kwamba ni meza ya Komanda na kwamba si vema kuifungua. Askari akasema meza haikunjwi, akakata kamba. Formika ilijikunjua yote kwa mara moja, ikampiga kifuani, ikachukua kofia yake mpaka mtaroni. Wenzake walicheka mpaka wakasahau kupekua lori, na huyo askari mwenyewe ndiye aliyesaidia kuikunja tena.

Beni palikuwa na joto. Victoire aliwapokea nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha jiko, cha udongo, alikokuwa anaishi pamoja na mafurushi yake ya samaki. Alikuwa mjane, mrefu, Mprotestanti wa kuamka saa kumi kuomba, na aliuza samaki waliotoka Kyavinyonge tangu mume wake alipokufa. Siku zote alimhesabu Séphora kuwa mke asiyefaa: Mkatoliki, halafu tena mwanamke wa kushika tupa. Aliposikia walichokuja kufanya, aliweka chini kisu cha samaki.

« Mumekuja kuwapambia nyumba yangu, » alisema. « Sawa. Mupambe. Mimi nitakaa huku, nitasikiliza namna mutoto wa mama yangu anapigilia wezi misumari. »

Séphora alimwambia tu, « Mulamu wangu, utuachie maji ya kunywa, » akaingia ndani na mètre yake ya kupimia. Victoire alikasirika zaidi, maana neno hilo la shemeji alilipenda lisemwe kwa kuinamisha kichwa, na Séphora hakuinamisha.

Ndani, Séphora alipima kila kitu. Mlango wa chumba ulikuwa sentimita sabini na nane. Ukumbi ulikuwa mita moja, na ulikata kushoto kama Paulin alivyochora. Madirisha yalikuwa madogo, yenye nondo. Aliandika namba zote kwenye kipande cha mbao, akaziangalia kama mtu anayeangalia sufuria lililoiva.

Komanda Zorobabel alikuja kuwatazama. Alikuwa mtu mfupi, mnene, mwenye miwani ya jua na vidole visafi, na hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aliuliza jambo la maana kabisa.

« Mama, sababu gani hamukuifanya kule Butembo, mukaileta ikiwa nzima? »

Ananie alitazama miguu yake. Séphora alisimama na kujibu akimtazama usoni.

« Afande, karatasi yako inasema kipande kimoja. Meza ya kipande kimoja ya ukubwa ule haiwezi kupita mu huu mulango. Tutaifanya humu ndani, na itabaki humu ndani. Haitatoka hata siku moja. Ninakuambia mbele ya huyu bwana mwandishi, kusudi kesho usiseme sikukuambia. »

Komanda alitoa miwani. Alitazama chumba, akatazama mahali meza itakapokaa, na taratibu uso wake ukajaa furaha.

« Na miye pia sitatoka, » alisema. « Donc iko muzuri. »

Akamwagiza Paulin aliandike hilo, na Paulin akaliandika.

Walifanya kazi siku tatu. Ananie alijenga kiunzi cha libuyu, akaunganisha kwa meno na kole tu, bila msumari, kama karatasi ilivyotaka. Kuhusu kimo, karatasi haikusema kitu, kwa hiyo Séphora alichagua mwenyewe: sentimita themanini na mbili. Mume wake alisema ni juu mno kwa mtu mfupi. Séphora alijibu kwamba mtu mfupi ndiye anayependa meza ndefu. Ananie alipiga hesabu kichwani, themanini na mbili dhidi ya sabini na nane, akainama haraka juu ya randa yake ili askari wa mlangoni asimwone anavyocheka.

Kisha ikaja zamu ya formika. Séphora aliitandaza sakafuni siku nzima ili isahau kukunjwa. Alikata vipande vya pande tatu kwanza, tak, tak, tak, kila kimoja kikizidi mbao kwa upana wa kidole kidogo. Halafu akapaka kole, juu ya mbao na mgongoni mwa formika. Butembo, kwa sababu ya ukungu, angengoja mpaka amalize kusali rozari. Hapa Beni joto liliikausha kabla hajafika mwisho, ikabidi apake upya. Harufu ilijaa nyumba. Askari wa mlangoni alianza kusimulia habari za nyanya yake bila kuulizwa, akaenda kulala chini ya maua.

Kipande cha juu ndicho kilichotisha. Kole ya namna hiyo haisamehe: ikigusana imeshikana, na kuibandua ni kuivunja. Séphora alipanga vijiti kumi na viwili juu ya meza, akalaza formika juu ya vijiti, akaisogeza mpaka ikakaa sawa pande zote. Kisha akavuta kijiti cha katikati, akabonyeza kwa kiganja, akavuta kinachofuata, akabonyeza, mpaka kijiti cha mwisho kikatoka. Hapakuwa na hata povu moja la hewa. Alichukua tupa na kuanza kunyoa pembe, akisukuma kwenda chini tu, kamwe si kuvuta juu, kwa maana ukivuta juu formika inameguka. Unga mwekundu ulianguka juu ya kitenge chake. Mwisho, pembe zilikuwa laini kama ukingo wa sahani.

Komanda alipitisha kidole gumba pande zote nne, akazunguka tena. Halafu akaketi nyuma ya meza yake, na meza ikamfikia kifuani. Aliagiza aletewe mto wa kukalia, akapigwa picha.

Victoire hakuwaaga.

Miezi minane ilipita. Waasi waligombana tena, na siku moja Komanda Zorobabel alipewa amri ya kuondoka Beni na watu wake, kwenda upande wa Eringeti, kesho yake kabla ya jua kuzama. Askari wa wakati ule walipohama, walihama na nyumba. Walichukua vitanda, milango, vitasa, waya za umeme. Wawili walipanda juu na kuanza kung'oa mabati. Victoire alisimama kwenye mlango wa jiko lake na kuhesabu kila bati lililoshuka.

Meza ilibaki kwa mwisho, kwa heshima. Askari wanane waliinyanyua. Waliilaza ubavu, wakaisimamisha, wakaigeuza miguu juu. Kila walivyoigeuza ilikataa mlango. Mmoja alileta msumeno wa kukatia kuni, akaanza pembeni, na meno ya kwanza tu yaliruka juu ya formika, yakaacha mkwaruzo. Komanda alishika mkono wake. Watu waliokuwapo walisema uso wake ulikunjamana kama aliyekwaruzwa yeye. Akamtuma Paulin kwa pikipiki, usiku haujaingia, aende Butembo kumleta yule mama afungue meza yake vizuri.

Paulin alimkuta Séphora asubuhi akitoka misa. Ananie aliposikia habari alitaka kukimbia kuchukua vyombo. Séphora alimwambia wanywe chai kwanza. Paulin naye alikunywa, vikombe viwili, na hakuonekana mtu anayewahi popote.

Walifika Beni jua likiwa limeshapita kichwani. Séphora alimsalimia Komanda, akaizunguka meza polepole, akaigonga hapa na pale, akasikiliza. Akainama kuangalia ule mkwaruzo wa msumeno na kutikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, kwa sababu huo ulimuuma. Komanda alingoja kama mtu anayengoja daktari.

Ikabidi Séphora amweleze. Kole haifunguki. Ukiipasha moto, formika inakunjamana. Ukiikata kwa haraka, inapasuka kama sahani. Njia iliyobaki ni kubomoa ukuta, lakini ukuta huo ndio unaobeba paa, na paa likianguka litaangukia wapi kama si juu ya meza. Komanda alimgeukia Ananie, naye Ananie, kwa sauti ya fundi, akathibitisha habari za ukuta. Ilikuwa kweli nusu. Fundi wa kuegemeza paa yupo, aliongeza, ila anahitaji siku nne.

Komanda alitazama saa yake. Séphora akasema jambo alilokuwa amekuja nalo kutoka Butembo.

« Afande, meza haina kosa. Itakungoja. Mais kuna kitu kimoja kinaniogopesha. »

« Kitu gani? »

« Mvua. »

Alinyoosha kidole juu. Pale mabati yalipokuwa yameng'olewa, anga lilionekana, na upande wa milima ya Ruwenzori lilikuwa jeusi. Alieleza kwamba maji yakiingia pembeni, triplex inavimba kwa wiki moja, formika inainuka kama gome, na hapo hakuna mtu wa kuitengeneza, hata yeye. Tena bila mlango mbuzi wataingia, na mbuzi hupanda juu ya meza. Bila vitasa wataingia watu, na watu ni wabaya kuliko mbuzi.

Komanda Zorobabel alitazama lile tundu la anga. Kisha akatoka nje na kutoa amri, na wale askari, waliokuwa wamekwisha kupakia, walianza kupakua. Walirudisha mabati wakayapigilia. Walirudisha milango miwili na vitasa vyote. Paulin alisimama chini akiwasomea kutoka daftari lake kila bati lilikuwa wapi, na alikuwa ameandika mpaka bati la jikoni ambalo, Victoire alijua vizuri, lilipeperushwa na upepo mwaka uliopita. Walipigilia jingine mahali pake.

Mwisho Komanda alimwita Victoire. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita Mama. Alimwomba alale ndani ya nyumba, asilale jikoni, ili awe karibu na meza. Aipanguse kila asubuhi kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo, si sana. Victoire aliitika kwa kichwa. Hakuthubutu kufungua kinywa, kwa maana hakujua kama kingetoka kilio au kicheko.

Magari yalipopotea njiani, aligeuka akamtazama mke wa mdogo wake kwa muda mrefu.

« Ulijua tangu siku ile, » alisema.

« Nilimwambia mbele, » Séphora alijibu. « Ni yeye hakusikia. »

Usingizi wa Victoire ulirudi, lakini amani haikurudi yote. Komanda hakuonekana tena. Wengine walisema ameenda Kampala, wengine walisema amebadilisha kundi mara mbili. Meza ilibaki, na chumba kile ndicho kilichokuwa sebule yake. Wageni wa kanisa waliketi wakiwa wamebanwa ukutani, magoti yakigusa formika, wakiimba juu ya meza kama baraza la mawaziri. Wakwe wa binti yake walipokuja kuongea habari za ndoa, upande mmoja haukuweza kusalimiana kwa mkono na upande wa pili. Baada ya mwaka na nusu Victoire alituma neno Butembo: Séphora aje, aikate.

Séphora alituma jibu kwamba haikatiki, yeye mwenyewe alisema hivyo mbele ya mashahidi. Victoire akatuma tena kwamba mwongo huenda motoni hata akiwa Mkatoliki. Wakavutana hivyo miezi miwili kupitia madereva wa malori, mpaka Ananie akachoka kubeba maneno, akamwomba mke wake waende.

Séphora alikaa mbele ya meza ile karibu saa nzima kabla ya kuigusa. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizofanya, na alijua kwamba hatapata tena karatasi kubwa kama ile wala muda kama ule. Victoire aliona. Kufariji hakukuwa tabia yake, lakini alivua viatu, akapiga goti upande wa pili, akashika mwisho wa rula ya chuma kwa mikono yote miwili.

« Usitikisike, mulamu wangu, » Séphora alisema.

« Nimetikisika lini? »

Alivuta ile ncha mara ishirini, si saba, kwa kuwa chini kulikuwa na mbao iliyoshikana nayo, na formika haingeweza kuinuliwa. Mstari ulipokuwa na kina, Ananie alipita na msumeno mwembamba ndani yake, akipumua kama anamnyoa askofu. Karibu na mwisho kipande kidogo kilimeguka, kikubwa kama punje ya mchele. Wote watatu walikiona. Séphora alikiokota sakafuni, akakirudisha kwa tone la kole, akakibonyeza kwa kidole gumba mpaka kikashika, kisha akanyoa pembe mpya kwa tupa, kwenda chini tu.

Nusu moja ilibaki sebuleni, na wageni waliweza kupita. Nusu ya pili ilitoka mlangoni ikiwa imelazwa ubavu, baada ya Ananie kukata miguu na pande sentimita saba, ikaenda kwenye soko la samaki. Hapakuwa na meza nyingine kama hiyo sokoni. Victoire alipanga tilapia juu yake, akamwaga maji, akapangusa, na nzi walishindwa pa kushika. Wanawake walitoka hata Kamango kuja kuitazama.

Séphora alipita hapo siku ya soko na kukuta mteja mmoja akipitisha vidole kwenye pembe na kuuliza ni fundi gani anayekata hivi. Victoire alimwona mke wa mdogo wake amesimama nyuma ya yule mteja, na kumsifu masikioni mwake kukamshinda.

« Ilitoka Kampala, » alisema. « Ni mashine. »

Séphora aliuma mdomo asicheke. Akasogea mbele kama mnunuzi yeyote, akachagua tilapia wawili wakubwa. Victoire aliwafunga katika jani, akaongeza wa tatu bila kuulizwa, mdogo kuliko wote.